Gari Lililokunywa Petroli Siku ya Alhamisi

Kwenye injini ya petroli hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu. Nimekuta panya amezaa ndani ya kisafisha hewa. Nimekuta tangi lina maji ya mto na mchanga wake. Nimekuta mpira wa mafuta uliozibwa kwa bazoka ya kutafuna, na gari lenyewe limetoka nayo Nzega salama. Shule yangu ni darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza, lakini hapa Tabora mtu akisema gari lake linakula mafuta, wenzake humuuliza kwanza, “Umeshampelekea Luhende?” Luhende ndiye mimi. Mgongo umenistaafisha kabla umri haujafika, basi nina nafasi ya kukaa na kuwaandikia ninyi mafundi wa siku hizi jinsi kazi ilivyokuwa.

Siku ya kwanza kazini nilivaa shati la shule, maana sikuwa na jingine. Ilikuwa karakana ya misheni, nje kidogo ya mji. Juu kabisa alikuwepo Bruda Msimamizi, mzungu mwenye ndevu zenye grisi, na chini yake Fundi Mkuu, Mnyamwezi mwenzangu, mtu wa maneno machache na makofi mengi. Nilidhani nitapewa spana. Fundi Mkuu akanimwagia mkononi plagi nne alizozing'oa kwenye lori.

“Hizi ni ndimi,” akasema. “Mgonjwa akienda kwa daktari anaambiwa nini?”

“Toa ulimi.”

“Basi tazama, uniambie injini inaumwa nini.”

Sikujua. Nikapigwa kofi, nikaelezwa. Plagi ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, injini ni nzima. Ikiwa nyeupe kama jivu, hewa imezidi petroli. Ikiwa nyeusi na inang'aa kwa oili, pete za pistoni zimekwisha. Ikiwa nyeusi kavu, masizi kama ya chungu cha kuni, petroli inaingia nyingi kuliko hewa, haiungui ikaisha, na mwenye gari analia kituo cha mafuta. Siku ile ile nilijua kazi ambayo wengine wanaifanya miaka bila kuijua. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa. Bruda alipita, akaniona nimeziweka plagi puani nazinusa, akacheka mpaka akashika mlango. “Huyu tusimwachie,” akamwambia Fundi Mkuu. Kunusa sikufundishwa na mtu.

Toka misheni nilichukuliwa na chama cha wakulima wa tumbaku, yadi yao ya magari ilikuwa Igalula, karibu na stesheni. Bosi wangu pale alikuwa Meneja wa Usafirishaji, mtu mnene, mkali, mwenye sauti ya kuita treni. Yeye ndiye aliyenifundisha upande wa pili wa kazi: kwamba mafuta yana njia mbili za kupotea. Yanapotea ndani ya injini au yanapotea ndani ya dumu. Madereva walikuwa wajanja, ninyi hamuwezi kuwafikia. Kila lori likizidisha matumizi, dereva anasema injini mbovu, na fundi anayetaka bia anaitikia.

“Luhende,” Meneja aliniambia, “dereva akiiba, nitamshika mimi. Injini ikiiba, mshike wewe. Lakini usinishikie mmoja kwa kosa la mwenzake. Nitakufukuza.”

Hapo ndipo nilipoanza kipimo cha chupa. Unafungua mpira unaotoka tangini, unaunganisha upande wa injini chupa ya petroli ya lita moja uliyoifunga vizuri, unaendesha mpaka gari lizime lenyewe, unatazama limekwenda wapi. Chupa haina shemeji wala haili rushwa. Madereva wa Igalula waliichukia ile chupa kuliko askari wa barabarani.

Nikajenga gereji yangu Chemchem kwa mikono hii. Gari likija na ugonjwa wa kunywa, nilikuwa na mwendo wangu. Kwanza nanusa, kwani petroli inayovuja ina harufu yake. Halafu matairi, maana tairi laini ni sawa na kupanda mlima siku nzima. Halafu nashika rimu baada ya mwendo mfupi. Ya moto kuliko nyingine, breki yake inashika. Kisafisha hewa, plagi, kulingana kwa moto wa plagi na mwendo wa pistoni, ambayo tunaita taimingi. Mwisho kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa: boya lake la kuzuia petroli isifurike, jeti zake, vile vitundu vya kupitishia petroli, na choki, kile kibati kinachoziba hewa asubuhi ya baridi ili injini ipate petroli nyingi ya kuamkia. Vijana mnaanza na kabureta kwa sababu inapendeza kufungua. Mimi nilimaliza nayo.

Sasa niwasimulie gari la Bwana Seif, maana ndilo lililonipima.

Bwana Seif ni mfanyabiashara wa nafaka na asali mjini, ukoo wao una asili ya Oman, wamekaa Tabora tangu enzi za misafara. Gari lenyewe lilikuwa la zamani, la petroli, lenye kabureta, viti viwili mbele na benchi nyuma. Lilikuwa la marehemu baba yake na hakutaka kuliuza. Alinipa nilifungue injini yote. Nililifungua, nikalifunga, likawa linaunguruma kama paka aliyeshiba. Lilikuwa na waya wa choki uliokatika zamani, nobu yake, kile kifundo cha kuuvutia waya chini ya dashibodi, ilikuwa pambo tu. Fundi mwingine angeiacha. Mimi sirudishi gari nusu. Nikatia waya mpya, nikatia na springi mpya, ukivuta nobu choki inafunga, ukiachia inarudi yenyewe. Nikamwonyesha Bwana Seif. Akasema, “Ahsante, fundi,” huku anatazama simu.

Wiki kadhaa baadaye akaja gereji bila salamu.

“Luhende, gari linakunywa.”

“Haliwezi. Nimelifunga mimi.”

“Linakunywa siku ya Alhamisi tu.”

Mafundi wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. Jumamosi mpaka Jumatano gari linazunguka dukani na sokoni, mafuta ni ya kawaida. Alhamisi dereva wake, Chilongani, anamchukua mama yake Bwana Seif, Bibi Zuwena, anampeleka Kwihara kwenye makaburi ya wazee wao, kisha Igalula kumwona mdogo wake anayeumwa, na kurudi. Alhamisi hiyo hiyo tangi linashuka karibu mara mbili ya inavyopasa.

“Kabla hujalishika halikuwa hivi,” akasema. “Kwa hiyo mmoja wenu ananiibia. Wewe kwa ujinga, au yule kwa dumu, Bibi akiwa makaburini. Niambie injini ni nzima, nimfukuze leo.”

Mnaona mtego? Nikisema injini ni nzima, na mimi nilijua ni nzima, nimemfunga Chilongani kamba shingoni. Katika mji huu neno la fundi ni hukumu. Dereva akifukuzwa kwa petroli hapati usukani mwingine mpaka anakufa. Nikisema injini ni mbovu, nimejitukana mwenyewe mbele ya gereji nzima.

“Nipe mpaka Ijumaa,” nikasema.

“Baada ya sala,” akajibu. “Sizidishi.”

Chilongani alikuwa mtani wangu. Yeye Mgogo, mimi Mnyamwezi, na utani wetu ni wa njia ile ya zamani, babu zetu walipopita kwao na mizigo. Alipoleta gari nilitegemea matusi ya kawaida, lakini siku hiyo alishuka kimya.

“Mgogo, leo huombi hata sigara?”

“Niombe nini, mtani? Nimekaa na watu hawa miaka ishirini. Bibi ndiye aliyenioza mke. Leo naitwa mwizi wa madumu mbele ya wapakuzi na wazee wa kahawa.” Akafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. “Likifika Alhamisi gari linakuwa zito tu. Nikisema, tajiri anasema ndivyo wezi wanavyosema.”

Nikang'oa plagi. Zilikuwa nyeusi kavu, na gari lilikuwa halijazunguka tena tangu Alhamisi.

Hapo nikajua kitu kimoja kwa uhakika: mtu huyu haibi. Mwizi hamwagi petroli ndani ya silinda, anaiuza. Mafuta yale yalipita kwenye injini, na masizi ndiyo shahidi. Nilimpigia Bwana Seif, nikamweleza. Akasema, “Plagi zako hazinijazii tangi. Niambie ni nini kinafanya.” Na hilo sikuwa nalo. Nilisafisha plagi, nikapima boya, nikapuliza jeti, nikatazama choki: imefunguka wazi kabisa, nobu iko ndani. Nikafunga chupa, tukatoka na Chilongani barabara ya Igalula. Tulikwenda vizuri kuliko magari mengi mapya. Tukarudi, plagi zina rangi ya chai ya maziwa.

“Alhamisi kuna nini ambacho leo hakipo?” nikamuuliza.

Akafikiri. “Bibi tu.”

“Bibi hanywi petroli.”

“Ndiyo hivyo.”

Alhamisi asubuhi nikaenda mwenyewe nyumbani kwa Bibi Zuwena, nikakaa benchi la nyuma. Akatoka na buibui lake, kifimbo chake, na mkoba wa ukili ambao hauachi hata akienda kwa jirani.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba. We Luhende, umekuja kunisindikiza au kumlinda Mgogo wangu?”

“Nimekuja kusikiliza gari, Bibi.”

“Lisikilize. Seif tangu mdogo, akipoteza kitu, anatafuta wa kumkamata kabla hajakitafuta chenyewe.” Akapanda mbele kwa kushikwa mkono, akasoma bismillahi yake, akainama kidogo, akautundika mkoba kwenye nobu ya choki.

Ndugu zangu, nilikaribia kupiga kelele. Ile nobu iko chini ya dashibodi na imeelekea chini. Mkoba ulikuwa na chupa ya chai, tende, ubani wa makaburini, na mtama wa kuku wa mdogo wake. Uzito wote ule uliivuta nobu ikashuka urefu wa kidole gumba. Chilongani akawasha kama alivyozoea, kwa kuipampu pedeli ya mafuta, na mimi niliyejaliwa masikio nikaisikia injini inazibwa koo. Kioo cha nyuma kikanionyesha moshi mweusi umelala juu ya barabara. Njia nzima ya Kwihara nilikaa na ulimi wangu, Bibi akisimulia harusi, mvua, na mchele wa siku hizi usio na harufu.

Tulipofika alichukua mkoba wake, na nobu ikarudi ndani yenyewe, taratibu, kwa springi yangu mpya. Hakukuwa na alama. Ndiyo maana gerejini sikuona kitu.

Bibi alipokwisha ingia kwenye ua wa makaburi nikamvuta Chilongani mpaka mlangoni pa gari, nikamwambia awashe. Nikaivuta nobu kwa mkono. Moshi. Nikaiachia. Moshi ukakatika.

“Hiyo si ilikufa zamani?” akasema.

“Niliifufua mimi.”

“Hukuniambia!”

“Ulikuwa kwenu Dodoma msibani. Nilimwambia tajiri yako, naye macho na masikio yalikuwa kwenye simu.”

“Tangu nilipoanza kazi Bibi anatundika mkoba hapo.” Akakaa chini pale pale, mgongo kwenye gurudumu, akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. “Mtani, usimwambie.”

“Nisimwambie Bwana Seif? Kesho unafukuzwa!”

“Mwambie Seif chochote. Bibi asijue. Nimesikia anavyonigombea nyumbani, analia na mwanawe kwa ajili yangu. Akijua ni mkoba wake ndio ulionitia aibu, hatapanda tena gari hili. Namjua. Atasema miguu inauma, atakaa ndani. Na Seif hana kifua. Ukimwambia leo, jioni liko barazani, kesho watoto wanamwimbia njiani.”

“Kwa hiyo nimwambie Seif nini? Petroli imeliwa na majini?”

Akaninyanyulia macho, na hapo Mgogo akarudi kuwa Mgogo.

“Babu zako walipita kwetu na pembe za ndovu begani mpaka pwani, mizigo ya watu wengine, na wanaimba. Wewe mkoba mmoja wa bibi kizee unakushinda?”

Nikamtukana, kama mtani anavyotukanwa. Lakini nilikuwa nimeshapigwa.

Mpaka Igalula nilijidai mkoba unayumba, nikaupakata mwenyewe mapajani huko nyuma. Tulipokuwa kwa mdogo wake Bibi nikaenda kwa fundi wa vyuma pale stesheni, akanitengenezea ndoano ya shaba, nikaifunga kwa skrubu mbele ya kiti chake, mbali na nobu. Bibi aliporudi nikamwambia, “Bibi, hapa mkoba hautayumba.” Akaijaribu. “Kumbe una adabu,” akasema. “Nilidhani una mdomo tu.”

Ijumaa baada ya sala Bwana Seif alikuwa barazani kwake na wazee wa kahawa. Chilongani alisimama pembeni, kofia mkononi. Nilisalimu, nikakataa kikombe, nikasema maneno ambayo sikuwahi kuyasema tangu Fundi Mkuu aliponipiga kofi la kwanza.

“Bwana Seif, kosa ni langu. Boya la kabureta nililikalisha juu. Kwenye safari ndefu lilikuwa linamwaga petroli. Nimelirekebisha. Dereva wako hana hatia yoyote.”

Mzee mmoja akaweka kikombe chini. “Luhende kasema ‘kosa ni langu’? Jamani, mpigieni mwadhini simu, arudie adhana!”

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Bwana Seif hakucheka. Kwa hili namheshimu mpaka leo: alisimama, akavaa viatu, akamwendea Chilongani, akamwambia mbele ya wale wale waliomsikia akimwita mwizi, “Nimekukosea. Nisamehe.” Chilongani aliushika mkono wake kwa mikono yake miwili.

Halafu akanigeukia mimi. Hapa kwetu fundi akiharibu analipa, hilo halina mjadala. Akasema nitamlipa petroli yote iliyozidi tangu nilipolishika gari, Alhamisi kwa Alhamisi.

Ninyi mnaoanza kazi, mtasema nilifanya ujinga, na wengi walisema. Wapo walioondoa magari yao gerejini. Walinibandika jina, Fundi Boya, na vijana wa bodaboda walinipigia nalo honi. Bibi Zuwena mwenyewe, aliposikia, alinisema mwaka mzima. “Kumbe ni wewe uliyetaka kuniulia Mgogo wangu!” Nikimpa shikamoo, marahaba yake ilikuwa inatoka kwa upande. Nami nilikuwa nainama, nasema, “Nisamehe, Bibi.” Kila Alhamisi nilikuwa nasimama mlangoni pa gereji kusikiliza gari lile likipita kwenda Kwihara, injini safi, moshi hakuna, na kwenye kioo naona buibui jeusi limekaa mbele linaongea. Sikuchoka kulitazama.

Kustaafu si kitu kibaya. Spana zangu ziko kwa mafundi niliowafundisha, nao wana mashine ya kuchomeka kwenye gari ikawaambia linaumwa nini. Ni mashine nzuri, siionei wivu. Ila ninawaambia, kabla ya kuchomeka kitu chochote, panda na watu wa gari hilo safari yao yenyewe, siku yao yenyewe, ukae nyuma, unyamaze. Nimefanya kazi na wakubwa wengi na sikuambiwa hili na hata mmoja wao. Nililijulia kwenye benchi la nyuma, nimepakata mtama wa kuku.

Bibi Zuwena ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, hajui habari ya mkoba. Chilongani alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Ndipo aliponiambia, “Mtani, sasa unaweza kutua.” Kwa hiyo nimetua, hapa.

Bwana Seif akisoma haya, namjua, atataka kunirudishia. Asithubutu. Alinidai laki mbili na arobaini na nane elfu, nikamtumia kwa simu, nikaongeza na ya kutolea elfu sita na mia tatu, maana Luhende hatumi pesa pungufu. Jumla ilinigharimu shilingi laki mbili, hamsini na nne elfu na mia tatu.